Kinu cha chumvi: tusikitie chumvi

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi mbele ya walimu wa sayansi na watumishi wa umma.)



Kiswahili chetu kina misemo miwili juu ya chumvi. Mtu aliyeishi miaka mingi twasema amekula chumvi nyingi, nasi humheshimu kwa yale aliyoyaona. Mtu anayeongeza maneno katika habari twasema ametia chumvi, nasi humsikiliza kwa tahadhari. Mada niliyopewa leo yahitaji masikio ya namna zote mbili. Ni habari ya vinu vya nyuklia vinavyotumia chumvi iliyoyeyushwa. Wazo hilo limekula chumvi nyingi, kwani lina umri wa zaidi ya miaka 70. Lakini katika miaka ya karibuni limetiwa chumvi pia. Wapo wasemao kuwa kinu cha namna hiyo hakiwezi kupata ajali, wala taka zake si neno. Wapo pia wasemao kuwa ni ndoto ya maprofesa. Mimi nitajaribu kuonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea, na kwamba ukweli wenyewe una mafunzo makubwa kuliko sifa na kuliko kejeli.

Huenda ndugu mmoja akauliza: sisi hatuna kinu cha nyuklia hata kimoja cha kuzalisha umeme, jambo hili latuhusu nini? Latuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, tunayo madini ya urani. Wilaya ya Namtumbo, mkoani Ruvuma, inajulikana kwa madini hayo, na jirani zetu wa Kenya wanacho Kilima cha Mrima, huko Kwale, ambacho udongo wake una thoriamu. Pili, tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki, na tunayo sheria. Kwa hiyo iko siku mtumishi wa umma atawekewa mezani jalada lenye maelezo ya kinu cha aina hii, nalo litakuwa limeandikwa na mtu anayetaka kukiuza. Mtumishi asiyejua la kuuliza hataweza kulinda mali ya umma. Tatu, wanafunzi wetu wanasoma na kusikia mengi, na mwalimu akiulizwa hapana budi ajibu kwa ukweli.

KINU HIKI NI KITU GANI

Ili kufahamu kinu cha chumvi, yafaa kwanza tukumbuke vinu vya kawaida. Katika vinu vingi vinavyofanya kazi duniani, urani hutengenezwa vidonge vidogo vigumu, kisha vidonge hivyo hutiwa ndani ya mirija ya metali. Nyutroni zikipasua viini vya urani, joto kubwa hutoka. Maji hupita kandokando ya mirija na kulichukua joto hilo. Lakini maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi, hali joto linalotakiwa ni nyuzi 300 na zaidi. Kwa hiyo, katika aina iliyoenea zaidi, maji hayo hubanwa kwa kanieneo inayozidi mara 150 ile ya hewa tunayoivuta, yasipate kuchemka. Kwa ajili hiyo chombo kinachobeba maji hayo hapana budi kiwe na kuta nene mno za chuma cha pua na feleji.

Hatari yake iko hapa. Mnyororo wa mipasuko ukisimamishwa, joto halikomi papo hapo. Mabaki ya atomi zilizopasuka huendelea kutoa mionzi na joto, na mara tu baada ya kuzimwa kinu hubaki na asilimia kama sita ya nguvu zake za awali. Maji yakikosekana wakati huo, mirija hupata moto hadi ikayeyuka. Ndivyo ilivyotokea Three Mile Island, Marekani, mwaka 1979, na Fukushima, Japani, mwaka 2011. Ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986 ilikuwa na chanzo kingine, yaani nguvu za kinu zilizopanda ghafla kupita uwezo wa mafundi kuzizuia.

Kinu cha chumvi kimejengwa juu ya fikra tofauti. Urani haiwi vidonge. Huyeyushwa ndani ya chumvi yenye moto, ikawa fueli na kipozeo kwa wakati mmoja, ikizungushwa kwa pampu ndani ya mabomba. Chumvi hiyo si hii ya mezani. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini. Ile iliyochunguzwa zaidi ni mchanganyiko wa floraidi ya lithiamu na floraidi ya beriliamu. Mchanganyiko huo huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 459, na hauchemki mpaka nyuzi zipatazo 1,430. Basi kinu kikifanya kazi kwenye nyuzi 650, chumvi iko mbali na kuganda na iko mbali zaidi na kuchemka. Haihitaji kubanwa. Kanieneo yake yakaribia ile ya hewa ya kawaida.

Kutokana na tabia hiyo watafiti walipata faida tatu za usalama, nazo ni za kweli. Ya kwanza ni kwamba hakuna maji yaliyobanwa yanayoweza kulipuka kuwa mvuke. Ya pili ni kwamba chumvi ikizidi joto hutanuka, urani ikatawanyika kidogo, na mipasuko ikapungua yenyewe bila mtu kugusa swichi. Ya tatu ni kizibo cha kuganda. Chini ya kinu pana bomba linaloelekea kwenye matangi. Sehemu moja ya bomba hilo hupulizwa hewa ya kupoza, na chumvi iliyomo ikaganda na kuziba njia. Umeme ukikatika, feni husimama, kizibo huyeyuka, na fueli yote hushuka kwa uzito wake hadi kwenye matangi ambamo haiwezi kuendeleza mnyororo wa mipasuko. Aidha, baadhi ya mabaki yenye mionzi mikali, kama vile siziamu, hushikwa ndani ya chumvi badala ya kuruka hewani. Gesi kama zenoni na kriptoni, hata hivyo, hutoka, na lazima zikusanywe na kuhifadhiwa.

HISTORIA YA OAK RIDGE

Sasa tuje kwenye historia, nayo yatupeleka Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee, Marekani. Mji huo ulijengwa kwa siri wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kurutubisha urani ya bomu la atomiki. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika mradi ule wa kivita ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchi wanayosema Kiswahili kama sisi. Yafaa Mwafrika ajue jambo hili. Madini yalitoka kwetu, lakini elimu ya kuyatumia ilijengwa kwao, nayo elimu ndiyo iliyobaki baada ya madini kwisha.

Baada ya vita wanajeshi wa anga wa Marekani walitaka ndege inayoendeshwa kwa nguvu za atomiki, iweze kukaa angani siku nyingi bila kutua. Kwa ajili hiyo kinu cha kwanza cha chumvi kilijengwa Oak Ridge, na mwezi Novemba 1954 kilifanya kazi kwa siku chache, chumvi yake ikipita nyuzi 800. Ndege yenyewe haikuruka kamwe kwa nguvu hizo, na mwaka 1961 mradi ulifutwa. Lakini mkurugenzi wa maabara ile, Alvin Weinberg, aliona kwamba wazo lisilofaa kwa ndege laweza kufaa kwa umeme wa raia. Bwana huyu alikuwa pia miongoni mwa waliovumbua vinu vya maji, kwa hiyo alijua uzuri na ubaya wa aina zote mbili.

Ndipo kikajengwa kinu cha majaribio cha chumvi iliyoyeyushwa. Kilianza mnyororo wa mipasuko tarehe 1 Juni 1965 na kikazimwa Desemba 1969. Kilikuwa kidogo: nguvu zake hazikuzidi megawati 8 za joto, wala hakikuzalisha umeme. Joto lake lilipulizwa hewani tu, kwa kuwa shabaha ilikuwa kujifunza. Ndani yake mlikuwa na nguzo za grafaiti, na chumvi ilipita katikati ya nguzo hizo. Kwa miaka ile minne kilionyesha kwamba chumvi yaweza kupigwa pampu, kupozwa, kumwagwa kwenye matangi na kurudishwa tena, na kwamba kinu hujituliza chenyewe joto linapozidi.

Oktoba 1968 kikaweka historia nyingine. Urani yake ya kwanza iliondolewa, ikatiwa urani-233, na hicho kikawa kinu cha kwanza duniani kuendeshwa kwa urani ya aina hiyo. Urani-233 haichimbwi. Hutengenezwa kwa kuipa thoriamu nyutroni, kisha kungoja kwa majuma kadhaa mpaka igeuke. Hapa nawaomba walimu waangalie jambo moja ambalo husemwa vibaya mara nyingi. Kinu kile cha Oak Ridge hakikuwa na thoriamu ndani yake. Urani-233 yake ilikuwa imetengenezwa katika vinu vingine. Kusema kwamba Oak Ridge walikwisha kuendesha kinu cha thoriamu ni kutia chumvi.

UFA KATIKA METALI

Ndugu zangu, wahandisi wengi watakuambia kwamba kinu huamuliwa na metali zake. Fizikia yaweza kuwa nzuri, hesabu zikakubali, lakini bomba likipasuka kazi yote imekwisha.

Chuma cha pua tunachokitumia kwa masufuria kinadumu kwa sababu kromiamu iliyomo hujifanyia ngozi nyembamba inayozuia kutu. Chumvi ya floraidi yenye moto huiyeyusha ngozi hiyo, kisha huinyonya kromiamu kutoka ndani ya metali. Kwa hiyo watafiti wa Oak Ridge walibuni aloi mpya, iliyokuja kuitwa Hastelloy N. Sehemu yake kubwa ni nikeli, ikiwa na molibdenamu asilimia 16 hivi, na kromiamu asilimia 7 tu: ya kutosha kuilinda na hewa kwa nje, lakini kidogo kiasi cha kutoipa chumvi chakula kingi kwa ndani. Aloi hiyo ilifanya kazi vizuri. Kulika kwake kulikuwa kudogo mno.

Lakini kinu kilipozimwa na vipande vyake vikachunguzwa, mambo mawili yalionekana. La kwanza, nyutroni zilikuwa zimeifanya metali iwe dhaifu. Nyutroni zikigonga chembe za boroni na za nikeli zilizomo katika aloi hutengeneza gesi ya heliamu, na gesi hiyo hukusanyika katika mipaka ya punje za metali, ikaifanya ivunjike badala ya kupinda. La pili, kila mahali palipoguswa na chumvi ya fueli palikuwa na nyufa ndogo, zenye kina cha sehemu ndogo ya milimeta. Mwenye kosa alipatikana. Ni teluriamu, mojawapo ya mabaki ya mpasuko wa urani. Hupenya katika mipaka ya punje na kuilegeza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watafiti wale hawakuuficha ufa. Waliuandika katika ripoti zao, wakautafutia dawa. Waligundua kwamba niobiamu kidogo, kiasi cha asilimia 1 hadi 2, ikiongezwa katika aloi, nyufa hupungua sana. Waligundua pia kwamba hali ya kikemikali ya chumvi yaweza kudhibitiwa ili teluriamu isiidhuru metali. Hizo zilikuwa dawa za kweli, lakini zilijaribiwa katika maabara tu. Hazikuwahi kujaribiwa katika kinu kikubwa kwa miaka 30 au 40, ambao ndio umri unaotakiwa kwa mtambo wa umeme. Kati ya jaribio la miaka minne na ahadi ya miaka 40 pana bonde pana, nalo haliwezi kuvukwa kwa maneno.

Zaidi ya hayo yapo matatizo mengine mawili ya vifaa. Grafaiti ikipigwa na nyutroni kwa muda mrefu hujikunja kwanza, halafu huvimba, na baada ya miaka kadhaa hapana budi ibadilishwe. Lithiamu nayo ina aina mbili katika maumbile. Aina ya lithiamu-6 ikipata nyutroni hutoa tritiamu, ambayo ni haidrojeni yenye mionzi, na tritiamu hupenya kuta za metali zenye moto kama maji yanavyopenya mtungi wa udongo. Kwa sababu hiyo hutakiwa lithiamu-7 iliyosafishwa kupita asilimia 99.9, nayo si bidhaa inayopatikana dukani. Hata ikisafishwa hivyo, tritiamu haikomi kabisa, maana beriliamu nayo huzaa lithiamu-6 kidogo kidogo. Lazima kuwe na njia ya kuinasa.

KUFUNGWA KWA MRADI

Pamoja na mafanikio yale, mradi ulifungwa. Serikali ya Marekani ilikuwa imechagua aina nyingine ya kinu, kinachopozwa kwa sodiamu, kiwe ndicho kitakachozalisha fueli kwa wingi, na fedha nyingi zilielekezwa huko. Weinberg, ambaye alikuwa akisema waziwazi kwamba usalama wa vinu vya maji wahitaji kuchunguzwa zaidi, aliondolewa kwenye ukurugenzi mwaka 1973. Utafiti wa chumvi ulisimamishwa, ukarudishwa kwa muda mfupi, ukafungwa kabisa mwaka 1976. Miaka michache baadaye ikaja ajali ya Three Mile Island, na maswali aliyoyauliza bwana yule yakaulizwa na dunia nzima.

Simlilii Weinberg, wala sisemi kwamba kama angesikilizwa leo dunia ingekuwa na umeme wa bure. Mradi wake ulikuwa na matatizo makubwa, nami nimeyataja. Ninalosema ni kwamba utafiti ukikatwa katikati, taifa halipotezi fedha tu. Hupoteza watu. Mkemia aliyejua harufu ya kosa katika chumvi alistaafu, fundi aliyejua kuchomelea aloi ile alikwenda kazi nyingine, na ujuzi wao ukabaki katika makabati ya ripoti. Hilo latugusa sisi tunaofanya kazi katika ofisi na shule. Ni mara ngapi kazi njema hufa kwa sababu mtu mmoja amehamishwa?

KAZI HAIISHI SIKU MTAMBO UNAPOZIMWA

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Mimi mwenyewe nilipoanza kusoma habari za vinu hivi nilivutiwa kupita kiasi. Kilichonirudisha chini ni yale yaliyotokea baada ya kinu kuzimwa.

Mwaka 1969 chumvi yenye urani ilimwagwa kwenye matangi chini ya jengo, ikaachwa igande. Ilionekana kuwa salama: jiwe la chumvi ndani ya chombo imara. Lakini mionzi iliyomo ndani ya chumvi hiyo haikulala. Chumvi inapokuwa na moto, mionzi ikiivunja floraidi, florini iliyotoka hurudi mara moja mahali pake. Chumvi ikiwa baridi, florini hairudi, hujikusanya. Watafiti walilijua hilo. Kwa hiyo kwa miaka mingi chumvi ilipashwa moto kila mwaka, bila kuyeyushwa, kwa matumaini kwamba florini itarudi ndani.

Mwaka 1994 ikagunduliwa kwamba haikuwa hivyo. Florini ilikuwa imeungana na urani na kufanya gesi, na gesi hiyo ilikuwa imesafiri katika mabomba ya hewa chafu. Katika kitanda cha mkaa kilichowekwa kuchuja gesi zilikutwa takriban kilo 2.6 za urani, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na urani hata chembe. Kilo mbili na nusu za urani-233 zikikaa pamoja, na maji yakiingia, zaweza kuanza mnyororo wa mipasuko zenyewe. Nao mkaa ulioshiba florini waweza kulipuka. Hivyo robo karne baada ya kinu kuzimwa, ilibidi watu wapya, ambao wengi wao hawakukiona kikifanya kazi, waanze kazi ya hatari na gharama kubwa ya kuuondoa mkaa ule, na baadaye kuitoa urani kutoka matangini. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi.

Ndugu watumishi wa umma, fundisho hili ni letu sisi. Kinu kilichosifiwa kuwa salama kilipokuwa kikifanya kazi, na kwa haki kabisa, kilileta hatari kubwa wakati kimelala. Bajeti ilikuwa imetengwa kwa ajili ya kujenga na kuendesha. Ya kufunga na kusafisha ilionekana yaweza kungoja. Nani kati yetu hajaona jambo kama hilo kwa kiwango kidogo? Kisima huzinduliwa kwa ngoma, na pampu yake haina fungu la matengenezo. Gari la ofisi hununuliwa, na hakuna aliyepangiwa kubadilisha oili. Tofauti ni kwamba kisima kikiharibika wananchi hurudi mtoni. Kinu cha nyuklia hakitoi nafasi hiyo.

WANAVYOENDELEA WENGINE

Hata hivyo kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wachina, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikwisha kulijaribu wazo hili huko Shanghai na kuliacha, walilirudia mwaka 2011 kwa mpango wa taifa chini ya Chuo cha Sayansi cha China. Ripoti za Oak Ridge zilikuwa zimefunguliwa kwa kila mtu. Wao walizisoma, wakajifunza upya kutengeneza aloi ya nikeli na molibdenamu katika viwanda vyao, wakatengeneza grafaiti na chumvi. Ujenzi wa kinu cha majaribio ulianza mwaka 2018 karibu na Wuwei, katika jimbo la Gansu, pembezoni mwa jangwa. Kilipata leseni ya kuendeshwa Juni 2023, kikaanza mnyororo wa mipasuko Oktoba 2023, na mwaka 2024 kikatiwa thoriamu. Nguvu zake ni megawati 2 za joto tu. Maana yake, baada ya zaidi ya miaka kumi ya kazi ya taifa kubwa lenye viwanda, kinu chenyewe ni kidogo kuliko kile cha mwaka 1965. Wachina hawakuona haya kuanza na kidogo, na hapo ndipo tuwaige.

Marekani nako, Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ilitoa kibali mwezi Desemba 2023 kwa kampuni ya Kairos Power ijenge kinu cha mfano huko huko Oak Ridge, ambacho chumvi itatumika kama kipozeo tu, fueli ikiwa imefungwa katika tufe ngumu. Septemba 2024 kikatolewa kibali kwa Chuo Kikuu cha Abilene Christian, jimbo la Texas, kijenge kinu kidogo cha utafiti chenye fueli iliyoyeyushwa ndani ya chumvi. Ni dalili njema, lakini kibali cha kujenga si kinu, na kinu cha majaribio si mtambo wa umeme. Mwaka 1953 Hyman Rickover, afisa wa jeshi la maji la Marekani aliyesimamia vinu vya nyambizi, alikwisha kuonya kwamba kinu kilicho katika karatasi huwa siku zote chepesi, rahisi na cha bei nafuu, na kile kinachojengwa kweli huwa kizito, kigumu na cha gharama. Onyo hilo halijazeeka.

MASWALI YA KUULIZA

Basi siku jalada hilo litakapofika mezani, mtumishi afanye nini? Asilikatae kwa woga, wala asilipokee kwa furaha. Aulize maswali matano.

Kwanza: mabomba na chombo cha kinu vimetengenezwa kwa aloi gani, nayo imejaribiwa kwa saa ngapi ndani ya chumvi yenye mionzi na mabaki ya mpasuko, na siyo ndani ya chumvi safi ya maabara? Pili: tritiamu itanaswa kwa njia gani, na lithiamu iliyosafishwa itanunuliwa kwa nani? Tatu: pampu ikiharibika, nani ataitengeneza, ikiwa chumvi yenye mionzi mikali imepita ndani yake na hakuna binadamu awezaye kuikaribia? Nne: kinu kikizimwa, chumvi itawekwa katika hali gani, kwa miaka mingapi, na fedha za kazi hiyo zitawekwa wapi tangu siku ya kwanza? Tano: kinu hiki kinafanya kazi wapi leo, tukakione?

Mtu mwenye kinu cha kweli atafurahi kuulizwa maswali hayo. Mwenye karatasi tu atakasirika. Hasira yake nayo ni jibu.

Kwa ndugu walimu nina ombi moja. Mkifundisha habari za nyuklia, msiwape wanafunzi hofu peke yake wala sifa peke yake. Wafundisheni kwamba usalama si tabia ya mashine tu. Ni tabia ya mashine pamoja na watu wanaoitunza, kumbukumbu wanazoandika, na fedha wanazotenga. Waambieni kwamba kizibo cha kuganda chaweza kuyeyuka chenyewe bila mtu, lakini florini haikugunduliwa mpaka watu walipokwenda kupima. Na mkimwona kijana anayependa kemia ya metali, au binti anayetaka kuwa fundi wa kuchomelea, msimwambie kwamba huo ni ujuzi wa chini. Vinu hivi viliwashinda wataalamu wakubwa katika metali na mishono yake, na watakaovikamilisha ni watu wa ujuzi huo.

Taifa lenye urani katika ardhi na lisilo na wakemia limo katika hali ile ile ya Shinkolobwe: madini huondoka, na elimu hubaki kwa mwingine. Taifa lenye wakemia, wahandisi na watumishi wanaojua kuuliza laweza kungoja bila hasara, na siku wengine watakapokuwa wamekwisha kuyavuka mabonde niliyoyataja, litanunua au litajenga kwa macho yaliyo wazi. Kungoja kwa namna hiyo si kulala. Ni kazi, nayo huanzia katika darasa la kemia na katika ofisi ambayo majalada yake husomwa mpaka ukurasa wa mwisho.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema nisiyatie mambo haya chumvi. Kama nimezidisha mahali, nisahihishwe.